Geuza Bunduki, Isome Tumboni

Mwaka 2010, kwenye mnada nchini Marekani, bunduki moja ya marisau yenye mitutu miwili iliuzwa kwa dola 862,500. Iliundwa na kampuni ya A.H. Fox ya Philadelphia, na mwenyewe alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuja nayo Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1909. Tangu hapo kila mwenye bunduki kuukuu ya babu huota ndoto. Huitoa, huipangusa vumbi, husoma jina lililochorwa ubavuni, halafu huanza kupiga hesabu.

Hapo ndipo anapopotea. Jina la ubavuni ni kama kibandiko cha dukani: yeyote angeweza kulichora. Westley Richards wa Birmingham alikuwa fundi wa sifa, na kampuni yake ndiyo iliyotoa mtambo wa Anson na Deeley mwaka 1875, ule uliozificha nyundo ndani ya chuma na kuigwa dunia nzima. Sifa zikazaa wezi. Bunduki za bei rahisi kutoka Ubelgiji zikamiminwa Marekani zikiwa zimeandikwa “W. Richards”, na mnunuzi wa shambani hakuwa na haja ya kuuliza huyo W ni nani.

Ukweli uko chini. Hakikisha haina risasi, ivunje, toa mitutu, igeuze tumbo juu. Pale kwenye bapa panapokalia mwili wa bunduki utaona mihuri midogo ambayo mwindaji haioni akiwa porini. Ni ya nyumba za majaribio, ambako kila mtutu ulipigwa kwa baruti iliyozidi kipimo ili kama ni wa kupasuka, upasukie hapo. London kazi hiyo ilikuwa ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637. Birmingham ilipata nyumba yake kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Kwa miaka mingi alama yake ilikuwa taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana. Ukiona herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, umefika Liège, Ubelgiji, hata ubavu useme nini. Yai hilo likiwa na taji juu yake, bunduki ilipimwa mwaka 1893 au baadaye, kwani ndipo taji lilipoongezwa.

Mihuri ya Uingereza hutaja hata umri. Maneno “NOT FOR BALL” yalikuwa onyo kwamba mtutu umebanwa mdomoni, usipitishe risasi moja nzima. Yalitumika kati ya 1875 na 1887 tu. “NITRO PROOF” ni ya 1896 kuja mbele. Nambari 12 nayo huwachanganya wengi. Si inchi wala milimita: maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa tufe 12 zilizo sawa, kila tufe itaenea kwenye mtutu huo.

Ukishajua ni nani, uliza hali yake. Mitutu miwili hushikanishwa na tepe za chuma zilizolehemiwa kwa bati, moja juu, moja chini. Mafundi huining'iniza mitutu mitupu kwa uzi na kuigonga kwa ukucha. Ikilia kama kengele, sauti ikakawia, tepe zimeshika. Ikitoa mlio mfu kama chungu chenye ufa, bati limeachia na kutu imeingia pasipoonekana. Kisha irudishe mwilini, uifunge na kuiinua kwenye mwanga: mwanga ukipenya kati ya kitako cha mitutu na uso wa chuma unaoikaba, bunduki imelegea.

Mistari mizuri ya mitutu ya Dameski, iliyosukwa kwa nondo za chuma na pua zilizopindwa pamoja na kuzungushwa kama ukindu, si cheti cha uzima. Wapo waliochora mistari hiyo juu ya chuma cha kawaida, na hata mitutu ya kweli, mingi ilipimwa kwa baruti nyeusi pekee. Mimi huogopa zaidi iliyong'arishwa juzi: aliyekwangua kutu ndani amekwangua na unene wa ukuta, na huo hupimwa kwa chombo, haupimwi kwa jicho.

Jambo moja zaidi, na ndilo linaloumiza watu. Chemba nyingi za zamani za Uingereza ni za risasi ya milimita 65, ilhali zinazouzwa leo kwa kawaida ni za 70. Risasi hiyo ya 70 huingia bila kukwama, bunduki hufungika vizuri kabisa, kwa kuwa ganda hupimwa likiwa limefunguka. Likifunguka, mdomo wake huingia pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, na shinikizo hupanda ndani ya chuma ambacho muhuri wake, kule tumboni, haukuahidi kulibeba.