Mbio za magari ni mali ya nani?

Kwa miaka mingi Waingereza wamekuwa wakibishana juu ya jambo ambalo kwa haraka haraka linaonekana dogo. Je, mbio za magari za Formula One zibaki kwenye televisheni ya umma, anayoitazama kila mwananchi, au ziachiwe televisheni za kulipia? Mimi siioni hoja hii kuwa ndogo hata kidogo. Ni swali la nani mwenye mali, pale kitu kinapolelewa na umma kisha kikapata bei.

Mbio za kwanza za ubingwa wa dunia zilifanyika Silverstone, Uingereza, tarehe 13 Mei 1950, Mfalme George wa Sita akiwapo. Murray Walker, ambaye baadaye alikuja kuwa sauti ya mchezo huo, alikuwa amekwisha tangaza mbio hapo hapo mwaka uliotangulia, tena kwa redio. Televisheni ya BBC nayo ikawa inaonyesha mbio hizi leo, zile hapana.

BBC haikuwa na haraka. Shirika hilo linaendeshwa kwa ada ya leseni wanayotozwa wananchi, na haliruhusiwi kutangaza biashara. Magari nayo, kuanzia mwaka 1968, yalianza kupakwa rangi za sigara. Mwaka 1976 timu ya Surtees ilipobandika jina la kampuni ya kondomu ubavuni mwa gari lake, BBC iliondoa kamera. Lakini mwaka huo huo Mwingereza James Hunt akawa anagombea ubingwa na Niki Lauda wa Austria, aliyekuwa ameponea chupuchupu kuungua hadi kufa kule Ujerumani. Watu wakataka kuona mwisho wake. Mbio za mwisho zilipofika, nchini Japani mwezi Oktoba, BBC ikalegeza msimamo na kuzionyesha. Hunt akawa bingwa kwa tofauti ya pointi moja.

Tangu mwaka 1978 BBC ikawa na kipindi maalumu cha mbio hizo, na mwaka 1980 Hunt mwenyewe akaketi karibu na Walker kutangaza. Jumapili za Waingereza zikapata mazoea mapya. Wakati huo huo Bernie Ecclestone, kupitia mkataba wa Concorde wa mwaka 1981, akajipatia nafasi ya kuuza haki za matangazo kwa niaba ya timu zote. Hapa ndipo penye kiini cha hadithi yetu. Kila aliyetazama bila kulipa zaidi ya ada yake alikuwa anaipandisha bei ile nembo iliyobandikwa kwenye gari. Mtazamaji ndiye aliyekuwa mtaji.

Bei ilipopanda, mlezi akaambiwa anunue. Mwaka 1997 haki zilikwenda ITV, naisema ITV ya Uingereza, si hii yetu ya Mikocheni. Bado ilikuwa bure, ila matangazo ya biashara yaliingia katikati ya mbio. Mwaka 2005 kule Imola, Italia, Fernando Alonso na Michael Schumacher wakiwa wamefuatana kama kumbikumbi, zikiwa zimebaki duru chache, ITV ikakatisha kuonyesha biashara. Malalamiko yakamiminika, na kituo kikalazimika kuomba radhi.

BBC ilizirudisha mbio hizo mwaka 2009. Haikudumu. Mwaka 2011 ilitangaza kwamba kuanzia 2012 itagawana na Sky, televisheni ya kulipia. Mwisho wa 2015 ikajitoa kabisa, Channel 4 ikashika nafasi yake. Kuanzia 2019 Sky ikachukua karibu mbio zote za moja kwa moja, asiyelipa akabakiwa na muhtasari na mbio za Silverstone tu.

Wako watakaosema BBC iliwasaliti wananchi. Sikubaliani nao. Mwaka 2010 serikali ilizuia ada ya leseni isipande, na ikaamua kwamba kuanzia 2014 ada hiyo ibebe pia gharama za matangazo ya BBC kwa dunia. Hapo ndipo jambo hili linapogusa nyumba zetu, maana Idhaa ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1957 imo katika matangazo hayo. Mwaka 2011 idhaa kadhaa za lugha nyingine zilifungwa, ikiwemo ile ya Kireno kwa Afrika. Mimi ni mtu wa redio. Siwezi kumwambia mkuu wa shirika la umma afunge idhaa inayompa mkulima habari ili anunue mbio za matajiri.

Lakini kati ya kununua kila kitu na kuuza kila kitu iko njia ya tatu, na Waingereza wenyewe wanayo. Sheria yao ya utangazaji ya mwaka 1996 inayalinda mashindano fulani yasifungiwe na televisheni za kulipia: Olimpiki, Kombe la Dunia la soka, fainali ya Kombe la FA, fainali za Wimbledon, hata mbio za farasi za Derby. Farasi wamelindwa, magari yameachwa nje ya uzio.

Matokeo yake yalionekana tarehe 12 Desemba 2021. Lewis Hamilton na Max Verstappen waliingia mbio za mwisho kule Abu Dhabi wakiwa na pointi sawa. Sky ikakubali Channel 4 nayo izionyeshe moja kwa moja. Lilikuwa jambo jema, lakini lilikuwa hisani. Mwenye mali angeweza kukataa, na mamilioni waliolelewa na mchezo huo, na wao wakaulea, wangesubiri muhtasari wa usiku.

Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hakuna aliyemkatia tiketi mtu aliyesimama kando ya barabara. Barabara ilikuwa ya umma. Msimu mzima wa magari na uuzwe, sina ugomvi. Ila mbio za nyumbani na zile za kuamua bingwa ziandikwe katika sheria. Hisani hutolewa na mwenye nacho siku anayotaka. Haki haimsubiri mtu afurahi.