Kutoka Dainamo hadi Alteneta: Jina na Mazoea Yaliyobaki

Hapa Dzaleka, nimewasikia mafundi waliotoka Kongo na Burundi wakiita "dainamo" kila kifaa kinachochaji betri ya gari, hata kikiwa alteneta. Jina hilo ni kumbukumbu ya historia. Katika insha hii nalinganisha vifaa hivyo viwili, nikionyesha kwamba jina la zamani halina madhara, lakini mazoea ya zamani yanayo.

Vyote viwili hutumia kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku na waya, kimoja kikisogea karibu na kingine, umeme huzalika. Tofauti ni kipi kinazunguka. Katika dainamo huzunguka koili zinazozalisha umeme, na umeme wote hutoka kupitia kaboni zinazosuguana nazo. Kaboni huisha upesi, na injini ikizunguka polepole, betri haichajiwi vya kutosha. Katika alteneta koili hizo zimetulia, sumaku ndiyo inazunguka. Kaboni zake hupitisha umeme mdogo tu wa kuipa sumaku nguvu, hivyo hudumu.

Kwa nini basi magari yalichelewa kuipokea? Alteneta huzalisha mkondo unaogeuka-geuka mwelekeo, ilhali betri huhitaji mkondo wa mwelekeo mmoja. Suluhisho lilikuwa daiodi, mlango unaopitisha umeme upande mmoja tu. Daiodi ndogo za silikoni zilipopatikana, Chrysler ya Marekani iliweka alteneta kwenye Valiant ya mwaka 1960. Land Rover, gari lililozoeleka Afrika, ilipata yake kwa toleo la Series III mwaka 1971.

Enzi ya dainamo, baadhi ya mafundi walipima chaji kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka. Dainamo iliweza kuvumilia. Kwa alteneta, volti hupanda ghafla na daiodi huweza kuungua. Kipimo salama ni voltimita: betri ya volti 12 ikichajiwa vizuri huonyesha takribani volti 14.

Kwa dereva wa minibasi kati ya Dzaleka na Lilongwe, alteneta iliyoungua ni siku bila mapato. Ndiyo maana naona historia ya kifaa ifundishwe pamoja na ufundi wake. Fundi anayejua kwa nini dainamo iliachwa atajua pia kanuni zake zipi ziachwe nayo.