Kitanzi cha Sauti: Asili Yake na Haki ya Mpigaji

Makusudi ya makala haya ni kueleza asili ya kitu kitumiwacho sana na watengenezaji wa muziki wa siku hizi, nacho ni kipande kifupi cha muziki kilichokwisha kunaswa, ambacho mashine hukirudia tena na tena bila kukatika. Katika makala haya nitakiita kitanzi cha sauti. Wako wapendao kusema mzunguko, wala si vibaya. Lakini jina la kitanzi lina sababu mbili, nazo zitaonekana mbele.

Kurudia pigo si jambo geni. Mpiga chapuo katika ngoma za pwani aweza kushika pigo moja kwa muda mrefu, na wenziwe wakapiga juu yake. Lakini yeye ni mtu: huchoka, huchangamka, huwatazama wachezaji akaongeza au akapunguza. Kitanzi hakina habari ya wachezaji. Kila kirudipo ni kile kile, na aliyekipiga huenda yuko mbali, au amekwisha kufariki.

Mwanzo wa jambo hili twaweza kuuweka Paris, mwaka 1948. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alitumia santuri yenye mfuo uliojifunga wenyewe, hata sindano ikawa haiendi mbele bali yazunguka pale pale. Akatunga kazi zake za kwanza kwa sauti za garimoshi na vitu vinginevyo, zikatangazwa redioni mwezi wa Oktoba mwaka ule ule.

Utepe wa sumaku ulipoenea, kazi ikawa nyepesi. Mtu alikata kipande cha utepe, akaunganisha ncha zake mbili, akakipitisha katika mashine. Hapa ndipo penye sababu ya kwanza ya jina letu, kwani kile kilikuwa kitanzi hasa, cha kushikika kwa mkono. Mwaka 1965 Mmarekani Steve Reich alichukua maneno ya mhubiri wa barabarani, akayafanya vitanzi viwili vilivyoanza pamoja na kuachana kidogo kidogo. Mwaka 1966 Beatles walitumia vitanzi vitano katika wimbo mmoja, na mafundi wa studio mjini London walisimama wakivishika kwa penseli ili vikazike.

Mwaka 1977 likatokea jambo la ajabu zaidi. Bee Gees walikuwa wakinasa nyimbo nchini Ufaransa, na mpiga ngoma wao akalazimika kurudi kwao kwa sababu ya msiba. Mafundi wakakata kipande cha ngoma katika wimbo mwingine aliokwisha kuupiga, wakakifanya kitanzi cha kuchukua wimbo mzima wa “Stayin’ Alive”. Kwa mzaha wakaandika kwamba mpiga ngoma ni Bernard Lupe. Yasemekana watu walimtafuta mtu huyo wamwajiri, na kumbe hakuwapo duniani.

Wakati huo, mjini New York, vijana wa Bronx walikuwa na njia yao. Tangu mwaka 1973 Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alitumia mashine mbili za santuri na nakala mbili za santuri moja, akirefusha pale ambapo ngoma hubaki peke yake. Mashine za kunasa vipande zilipoenea katika miaka ya 1980, kilichofanywa kwa mkono kikafanywa kwa kubonyeza kitufe.

Katika vipande vyote vilivyochukuliwa hivyo, mashuhuri zaidi ni kile cha “Amen, Brother”, wimbo wa The Winstons wa mwaka 1969. Mpigaji ni Gregory Coleman, na kipande chenyewe hakizidi sekunde saba. Kimetumiwa katika maelfu ya nyimbo, na katika miaka ya 1990 vijana wa Uingereza walijenga juu yake namna nzima ya muziki. Coleman hakupata kitu kwa matumizi hayo, akafa maskini mjini Atlanta mwaka 2006. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga paundi 24,000, wakampa Richard Spencer, kiongozi wa bendi. Coleman alikuwa amekufa miaka tisa nyuma.

Sheria nayo iliingia. Mwezi wa Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua kwamba Biz Markie alikosa kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O’Sullivan bila ruhusa. Tangu hapo wengi waliogopa kuchukua vya watu, na biashara ya vitanzi vilivyopigwa makusudi viuzwe pamoja na ruhusa yake ikapata nguvu. Mwaka 1998 ilitoka programu ya ACID, iliyoweza kulinganisha mwendo wa vitanzi mbalimbali bila kuharibu kimo cha sauti. Mwaka 2004 Apple ilitoa GarageBand ikiwa na vitanzi zaidi ya 1,000. Kimojawapo, cha ngoma, kikawa msingi wa “Umbrella”, wimbo wa Rihanna wa mwaka 2007, uliosikika pande zote za dunia.

Basi, je, shauri limekwisha? La fedha limepata utaratibu. La jina bado. Atumiaye kitanzi cha kununua havunji sheria, lakini kwa kawaida msikilizaji hajui ni mkono wa nani uliopiga. Hapa ndipo penye sababu ya pili ya jina letu. Lugha yetu husema kwamba sauti hunaswa, na kitanzi ni chombo cha kunasia. Sauti ikiisha kunaswa hutengwa na mwenyewe, ikatumikia wengine.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Ngoma na taarabu zetu zimenaswa kwa miaka mingi, na kompyuta yaweza kuzikata vitanzi kwa dakika chache. Kwa hiyo wakusanyaji na wahifadhi wa sauti waandike jina la mpigaji, mahali na mwaka pamoja na kila kipande, na maandishi hayo yasitenganishwe nacho. Bernard Lupe aliandikwa naye hakuwapo. Gregory Coleman alikuwapo, na wengi waliocheza kwa ngoma yake hawakulijua jina lake.