Vifaa vya kuchongea kete za chesi: mkahawa wa Kirua na mpingo wa bondeni

Kuna vijana kadhaa wameniuliza natumia vifaa gani kuchonga kete za chesi, na wengi wanadhani siri iko kwenye vanishi. Haipo huko. Seti ya kwanza niliyouza ilikuwa inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mwezi mmoja baadaye mteja akairudisha, mfalme na malkia weupe wamepasuka kuanzia kichwani hadi kitakoni. Ikabidi nirudishe hela, na hela yenyewe nilishaila. Mti ulikuwa mbichi, basi.

Kwa hiyo tuanze na mti. Upande mweupe natumia mkahawa. Huku kwetu mkahawa mzee hukatwa shina ili uchipue upya, na tangu TaCRI pale Lyamungu walipotoa aina mpya za arabika mwaka 2005, watu wengi wameng'oa ya zamani kupisha miche mipya. Mashina yanaishia jikoni kuivisha ndizi. We omba mapema kabla bibi hajayatia motoni! Mkahawa ni mgumu, nyuzi zake ni ndogo ndogo, na haumeguki ovyo ukifika kwenye pua ya farasi. Grevilea ni laini na inafaa kujifunzia, ila masikio ya farasi yataruka tu.

Ubaya wa mkahawa ni kupasuka. Gogo likikauka, mzunguko wake hunywea kuliko unene wake, sasa lazima lichanike mahali. Dawa ni kulipasua katikati, kiini kigawanyike, halafu upake nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili ili unyevu usitokee huko kwa haraka. Weka kivulini penye hewa, sio juani wala juu ya moto wa jiko. Vipande vya unene wa sentimita 4 mimi navipa miezi sita au zaidi. Usikisie kwa kugonga gonga kama nilivyofanya mimi. Peleka kipande dukani, kiweke kwenye mzani, andika uzito kwa penseli juu ya mti wenyewe, rudia kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, chonga.

Upande mweusi ni mpingo. Huo ni mti wa nchi kavu ya chini, kwenye vihamba vyetu hauoti wenyewe. Usiende kukata porini, mazao ya misitu yana vibali vyake. Nunua vipande vilivyobaki kwa wachongaji wenye karatasi halali. Kete ni ndogo, makombo ya mwenzio ni seti yako nzima. Na tuwakumbuke waliotuachia mbegu: marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kupanda mpingo mwaka 1996, na mwaka 2004 walifikisha miche milioni moja. Chuwa alifariki 2014.

Angalieni na feki. Wapo wanaopaka mti wa kawaida dawa ya viatu. Loweka kitambaa kwenye spiriti, sugua kitako; kitambaa kikiwa cheusi tii umeshapigwa. Mpingo wa kweli pia ni mzito, ukiutumbukiza kwenye ndoo ya maji unazama. Kama una mjomba ughaibuni anataka seti, ajue kwamba jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa kwenye orodha ya CITES mwaka 2017. Mwaka 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mti huo hadi kilo 10 kwa mzigo zilisamehewa, kwa hiyo seti moja haina tatizo upande huo.

Haya, vifaa. Msumeno wa chuma, kwa sababu wa mbao una meno makubwa mno kwa kazi hii. Kisu usinunue: chukua kipande cha wembe wa msumeno huo ukivunjika, kinoe kwenye jiwe, kifunge mpini wa kitambaa na mpira wa baiskeli. Nolea mwisho kwenye mkanda wa ngozi wa mtumba. Tupa tatu ndogo: bapa, ya mviringo na ya pembe tatu. Hiyo ya pembe tatu ndiyo inayokata meno ya ngome na manyoya ya farasi. Keekee ya mkono. Jiliwa ukipata, mimi nilikaa mwaka mzima nikibana kete kwa magoti na kovu ninalo pajani. Msasa namba 80, 120, 240 na 400, na usiruke hata mmoja. Ukitoka 80 ukaenda 400, mikwaruzo inabaki na vanishi ndiyo itaitangaza.

Vipimo: kwenye mashindano ya FIDE mfalme ana urefu wa kama sentimita 9.5, na kitako ni asilimia 40 hadi 50 ya urefu. Kwa kuanzia mfalme wa sentimita 7 anatosha. Chonga askari 16 kwanza, mkono uzoee.

Sasa vumbi, hapa sitanii. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliweka vumbi la mbao kwenye visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Chonga nje, vaa barakoa, na msasa wa 400 upige ukiwa na maji, vumbi linageuka tope. Watoto wakae mbali.

Kitu kingine ni uzito. Mpingo ni mzito kuliko mkahawa, kwa hiyo mchezaji wa weupe anajisikia kama ameshika maganda ya karanga. Toboa kitako kwa keekee, tia nati, jaza gundi iliyochanganywa na unga wa mti, kisha bandika duara la kandambili kuukuu. Kuna jamaa wanayeyusha risasi ya betri za gari na kuimimina humo. ACHENI. Moshi na vumbi lake ni sumu, inaharibu ubongo wa mtoto na wala huoni inavyoingia. Nati zipo kila gereji.

Kumalizia: mpingo hauhitaji rangi, nta ya nyuki na kitambaa vinatosha. Mkahawa upake vanishi nyembamba mara mbili, piga msasa wa 400 katikati. Wale wa visanamu vya vita vya plastiki, kama vya Games Workshop kule Nottingham, Uingereza, utaratibu wao ni huu huu: safisha mabaki ya kiwandani kwa kisu na tupa, gundi, rangi ya kwanza, ndipo rangi yenyewe. Kwa macho ya farasi natumia rangi ya kucha na ncha ya kijiti cha meno. Dada yangu bado anatafuta chupa yake.

Aliyewahi kuchonga kwa mringaringa aniambie hapo chini kama unashika kona ndogo, nina gogo moja linakauka tangu Pasaka.