Nyumba za Mkutano Vijijini mwa Denmark

Inchi ya Denmark ni ndogo, tena iko mbali nasi. Wazee wetu walimjua Mdenmark mmoja, Frederik-Valdemar Olsen, aliyeongoza kikosi cha kusini cha Force Publique katika vita vya mwaka 1916, mpaka Kigoma na Tabora. Lakini hapa hatutaki kusimulia vita. Tunataka kusimulia nyumba: zile nyumba za mkutano zilizojengwa na wakulima wa inchi ile, na ginsi walivyozitunza. Wenyewe huziita forsamlingshus, maana yake nyumba ya kukusanyikia.

Tuna sababu ya kuwaletea habari hii. Katika kijiji kimoja tulichopita tulikuta sale nzuri, iliyojengwa kwa msaada wa watu wa mbali. Upepo uling'oa bati moja, na mvua ikaingia miezi mingi. Tukauliza: mwenye nyumba hii ni nani? Mkubwa wa kijiji alituonyesha katekista, katekista akatuonyesha misioni, na vijana wakasema ni ya Leta. Watu mia walikuwa wakiketi mle, na mwenyewe hakuwamo.

Turudi Denmark. Sheria kubwa ya inchi, ya tarehe 5 Juni 1849, iliwapa raia ruhusa ya kukusanyika na kuunda vyama. Ruhusa walipata, mahali hawakupata. Mkulima aliyetaka kusema na wenzake alikwenda katika nyumba ya pombe, au katika ghala ya jirani, au katika darasa la shule. Katika nyumba ya pombe sharti anywe, kwani mwenye nyumba hali maneno. Ghalani ni baridi kali, tena baada ya mavuno hakuna nafasi. Na darasa lilikuwa mikononi mwa wakubwa. Wakichukia maneno yatakayosemwa mle, mlango haufunguki.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1864. Prussia na Austria waliwashinda Wadenmark, wakawanyang'anya karibu theluthi moja ya inchi. Katika huzuni ile wengi walishika maneno ya N. F. S. Grundtvig (1783–1872), pasta wa Waluteri na mtungaji wa nyimbo. Yeye alitaka shule za vijana wa shamba, zisizo na mtihani, ambamo mtu hufundishwa kwa neno la kinywa na kwa wimbo kupita kwa kitabu. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Baada ya vita Rødding ilibaki upande wa Prussia, na mwaka 1865 kazi yake ikahamishiwa Askov. Kijana aliyekaa huko majira ya baridi alirudi kwao na njaa ya kusikia na kuimba, naye akakuta kwao hakuna pa kuketi. Ndivyo nyumba zilivyoanza, na kati ya miaka 1880 na 1914 zikaenea inchi nzima.

Walizijengaje? Hawakungoja serikali. Kila mtu alinunua fungu la nyumba kwa fedha yake, na wengi walitoa siku za kazi, wakavuta mawe na mchanga kwa farasi wao. Chumba kikubwa kimoja, jukwaa dogo, jiko. Tuseme kweli, si majengo ya kutazamwa kwa uzuri wake. Lakini mwenye fungu alikuwa mwenye nyumba. Mara moja kwa mwaka wote waliitwa, wakachagua komite, na mwenye kutunza fedha akasoma hesabu mbele yao. Desturi hiyo waliijua pia katika kazi ya maziwa: mwaka 1882 wakulima wa Hjedding, upande wa magharibi, waliunda chama cha kwanza cha kutengeneza siagi pamoja. Katika vyama hivyo watu walihesabiwa vichwa, ng'ombe hawakuhesabiwa. Mwenye ng'ombe 30 na mwenye ng'ombe 2, kila mmoja sauti moja.

Jambo gumu lilikuwa kuitunza nyumba ikiisha kujengwa. Kuni, mafuta ya taa, vioo vilivyovunjika, vyote hutaka fedha. Mafundisho na nyimbo huleta watu, lakini fedha ni haba. Arusi na ngoma huleta fedha. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Kulikuwa na mazoezi ya mwili pia, nayo tusidhani ni mchezo tu. Mwaka 1885 serikali ya Estrup, iliyokuwa ikitoza na kutumia mali ya inchi bila kukubaliwa na wajumbe wa raia, ilikataza watu kuingiza silaha na kujizoeza vita bila ruhusa. Wakulima wengi walikuwa wapinzani wake. Kijana aliyenyosha mikono mitupu katika nyumba ya baba zake alijua anafanya nini.

Sasa ule ugomvi. Tangu mwaka 1861 chama cha Indre Mission, chini ya pasta Vilhelm Beck, kilihubiri toba kwa ukali, kikakataza ngoma, karata na pombe. Watu wake hawakuweza kusali pale walipochezea wengine jana. Basi wakajenga nyumba zao, missionshus. Katika kijiji kimoja, kanisa moja, ukaona nyumba mbili zinazotazamana, na mahali pengine hata duka: hawa wanunua kwa huyu, wale kwa yule. Ndugu mapadri, tusiwacheke. Watu wa Beck waliona jambo la kweli: nyumba inayokula fedha ya ngoma mwisho itakuwa nyumba ya ngoma. Lakini hata wao, walipotaka nyumba safi, iliwapasa kutoa fedha mfukoni na kufagia kwa mikono yao. Kwa sisi, hilo ndilo lililoziokoa nyumba zote mbili.

Wanawake tusiwasahau. Komite zilikuwa za wanaume, lakini bila mpishi wa arusi na wasaidizi wake hakuna karamu, na bila karamu hakuna fedha. Wanawake walipata kura ya vijiji mwaka 1908, na kura ya inchi mwaka 1915.

Mwaka 1970 serikali iliunganisha tarafa ndogo, zaidi ya elfu moja, zikawa chini ya 300. Shule nyingi za vijijini zilifungwa, na kumbi za michezo zikajengwa kwa fedha ya kodi, zenye joto na nafasi. Nyumba nyingi za zamani ziliuzwa, nyingine zikawa makao ya watu. Nyingine zipo hata leo. Wanachama hulipa ada yao ya mwaka, hula pamoja jioni moja kwa zamu za kupika, na wakati wa Noeli watoto huzunguka mti wakiimba. Siku ya kupaka rangi barua huenda kwa wote. Huja wachache, kwa kawaida wale wale.