Kinu, Meno na Visu: Historia ya Kusaga Kahawa Nyumbani

Katika mfululizo wa kazi zinazoifikisha kahawa kinywani, kuanzia kuchuma, kumenya, kuanika na kukoboa hadi kukaanga, kusaga na kupika, kusaga ndiyo kazi iliyohama mahali mara nyingi zaidi, kwani kwa muda wa karne tano imetoka katika kinu cha nyumbani ikaingia dukani, ikatoka dukani ikaenda kiwandani, na katika miongo ya karibuni imeanza kurudi jikoni. Uhamaji huo haukuongozwa na ufundi wa chuma peke yake. Uliongozwa pia na namna kila jamii ilivyopika kahawa yake, na kiasi cha imani ambayo mnunuzi alikuwa nayo kwa muuzaji, na tabia ya punje yenyewe, ambayo ikishapasuliwa huanza papo hapo kupoteza harufu yake.

Habari za kuaminika za unywaji wa kahawa zinaanzia Yemen katikati ya karne ya 15, miongoni mwa masufi walioitumia kuwasaidia kukesha katika dhikiri za usiku. Wayemeni walikuwa na vinywaji viwili vilivyotokana na tunda moja. Cha kwanza ni kishri, yaani maganda makavu ya tunda yaliyochemshwa, mara nyingi pamoja na tangawizi, ambacho hakikuhitaji kusagwa sana. Cha pili kilitokana na buni yenyewe, yaani punje ya ndani, ambayo ilikaangwa kisha ikapondwa. Kwa kuwa punje iliyokaangwa huwa kavu na yenye kuvunjika upesi, kinu na mchi vilivyokuwa tayari katika kila nyumba kwa ajili ya viungo na nafaka vilitosha kabisa. Hivyo kahawa ilipoenea hadi Makka, Kairo na Istanbul katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, ilienea pamoja na chombo ambacho hakuna aliyelazimika kukibuni.

Kinu hakikuwa chombo cha kazi tu. Kwa Waarabu wa jangwani na wa mijini, kutwanga kahawa mbele ya mgeni kulikuwa sehemu ya ukarimu wenyewe, na mdundo wa mchi ndani ya kinu cha mti au cha shaba ulisikika hadi mbali na kuwajulisha majirani kwamba nyumbani pana baraza na kwamba wanakaribishwa. Ethiopia, ambako mbuni aina ya arabika una asili yake, kinu kinachoitwa mukecha na mchi wake zenezena vingali vinatumika katika utaratibu wa nyumbani ambapo mwanamke huosha buni, huikaanga, huipitisha kwa wageni wanuse moshi wake, huitwanga, kisha huichemsha katika chungu cha jebena, yote kwa kikao kimoja. Inafaa kukumbukwa kwamba Ethiopia hunywa yenyewe takriban nusu ya kahawa inayoilima, jambo ambalo halina mfano miongoni mwa wakulima wengine wa Afrika, na kwamba usagaji wa nyumbani ni sehemu ya maelezo ya jambo hilo: nyumba yenye uwezo wa kuigeuza buni kuwa kinywaji haihitaji kiwanda ili iwe mnywaji.

Badiliko la kwanza kubwa lilitokea katika himaya ya Waturuki wa Uthmaniya. Kahawa ya Kituruki hupikwa unga ukiwa ndani ya maji na hunywewa bila kuchujwa, kwa hiyo unga wake unatakiwa uwe laini kuliko unga wa ngano, ili mashapo yatulie chini ya kikombe na yasimkere mnywaji. Kuufikia ulaini huo kwa mchi kulikuwa kazi ndefu, na mafundi wa shaba wakaipatia jawabu katika kinu cha mkono chenye umbo la mwanzi mnene, ambacho sehemu yake ya juu hupokea punje, katikati yake mna meno ya chuma yanayozungushwa kwa mpini unaokunjika, na sehemu ya chini hukusanya unga. Chombo hicho kiliweza kuingia katika mkoba wa msafiri au wa askari. Hata hivyo mjini Istanbul wengi walipeleka au walinunua kahawa katika nyumba za kukaangia na kutwangia zilizojulikana kama tahmis, na mwaka 1871 mfanyabiashara Mehmet Efendi alijipatia sifa, inayodumu hadi leo kupitia duka la jina lake, kwa kuuza kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, wakati ambapo desturi ya wateja wengi ilikuwa kununua buni mbichi na kumaliza kazi yote nyumbani.

Ulaya iliipokea kahawa katika karne ya 17 na mwanzoni ilitumia vinu vya viungo, kisha ikaunda vyake. Richard Dearman alipewa hataza Uingereza mwaka 1779 kwa njia ya kutengeneza vinu vya kahawa, na Thomas Bruff wa Maryland akapewa ya kwanza Marekani mwaka 1798 kwa kinu cha kutundikwa ukutani. Lakini ushindi wa meno ya chuma dhidi ya mchi haukukubaliwa bila ubishi. Jean Anthelme Brillat-Savarin, hakimu wa Kifaransa aliyeandika kwa uzito mkubwa juu ya chakula, alieleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1825 kwamba aligawa kahawa sawa kwa sawa, sehemu moja akaisaga kwa kinu cha meno na nyingine akaitwanga kwa namna ya Waturuki, kisha akawaonjesha wajuzi, nao wakaamua kwamba iliyotwangwa ndiyo bora. Hukumu hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa vinu vingi vya zama hizo vilikuwa na meno yaliyotengenezwa ovyo, ambayo yaliponda sehemu ya punje kuwa vumbi na kuiacha nyingine ikiwa vipande, ilhali mkono wa mtwangaji mzoefu, ukisaidiwa na chekecheke, ulirudia vipande vikubwa hadi vikalingana na vingine. Kilichoshinda katika jaribio la Brillat-Savarin, kwa kadiri inavyoweza kufahamika leo, hakikuwa mchi kama mchi bali ulinganifu wa chembe.

Ulinganifu ulizidi kuwa na thamani kadiri Wafaransa walivyoacha kuchemsha kahawa na kuanza kuichuja. Chombo cha kudondoshea maji ya moto juu ya unga, ambacho kwa kawaida huhusishwa na Askofu Mkuu wa Paris Jean-Baptiste de Belloy karibu na mwaka 1800, kilihitaji chembe za wastani, kwa sababu unga laini mno huziba matundu ya chujio na vipande vikubwa hupitisha maji kabla hayajachukua ladha. Kwa mpikaji wa aina hii, kinu kisichoweza kurekebishwa hakina faida. Ndugu wa Peugeot, waliokuwa mafundi wa chuma mashariki mwa Ufaransa na waliojulikana kwa kutengeneza misumeno, walitoa kinu chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1840, miaka 34 kabla ya kinu chao cha pilipili manga na karibu nusu karne kabla ya gari lao la kwanza. Kilikuwa sanduku la mti lenye mpini juu na droo ndogo chini, ambalo msagaji alilibana katikati ya mapaja, na skrubu ya kusogeza meno karibu au mbali ilimwezesha kuchagua ukubwa wa chembe. Huko Ujerumani kampuni ya Zassenhaus, iliyoanzishwa mwaka 1867, iliendeleza umbo hilohilo, na kwa miaka zaidi ya mia moja sanduku la aina hiyo lilikuwa mali ya kawaida katika nyumba za Ulaya.

Walakini sababu iliyowafanya watu wengi walishikilie sanduku hilo haikuwa ladha peke yake, bali udanganyifu. Punje nzima hujulikana kwa macho, lakini ikishasagwa huweza kuchanganywa na karibu kitu chochote cheusi. Katika Uingereza ya katikati ya karne ya 19 wauza duka walichanganya kahawa na mizizi ya chikori iliyokaangwa, ngano, na njegere, na mamlaka ya kodi yaliamini kwamba chikori haiwezi kutambulika. Tabibu Arthur Hill Hassall aliikanusha dhana hiyo mwaka 1850 kwa kutumia hadubini, akaonyesha kwamba seli za chikori hazifanani hata kidogo na za kahawa, na uchunguzi wake uliofuata, uliochapishwa katika jarida la The Lancet pamoja na majina na anwani za wauzaji, ulidhihirisha kuwa sehemu kubwa kabisa ya kahawa iliyosagwa jijini London ilikuwa na mchanganyiko. Kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya sheria za usafi wa vyakula za mwaka 1860 na 1875. Kabla sheria hazijapata meno, mlaji alikuwa na meno ya kinu chake tu, na ushauri uliorudiwa na waandishi wa mapishi ulikuwa ule ule: nunua punje, usage mwenyewe.

Karne ya 20 iliutoa usagaji nyumbani kwa njia tatu zilizofuatana kwa karibu. Kampuni ya Hills Bros. ya San Francisco ilianza mwaka 1900 kufungasha kahawa katika makopo yaliyoondolewa hewa. Injini za umeme zikaingia katika vinu vikubwa vya madukani. Na mwaka 1938 Nescafé ikaleta kahawa ya papo kwa papo, ambayo haihitaji kusagwa wala kuchujwa. Vilipotokea vinu vya umeme vya nyumbani, vilivyoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili, vingi havikuwa na meno bali visu viwili vinavyozunguka kwa kasi ndani ya kikombe. Vilikuwa rahisi na vyepesi, na viliirudisha kahawa katika hali ileile ambayo sanduku la mti lilikuwa limeitoa, kwa kuwa kisu hakina kipimo: hukata kinachokutana nacho, na tofauti ya unga laini na unga mkubwa hutegemea tu muda ambao kidole kinabaki juu ya kitufe.

Afrika Mashariki imeshiriki historia hii kutoka upande mwingine. Katika miji ya pwani kama Zanzibar, Mombasa na Lamu, kahawa ilifuata njia za majahazi na desturi za Uarabuni, ikakaangwa hadi kuiva sana, ikatwangwa katika kinu pamoja na tangawizi kavu au iliki, na ikachemshwa katika dele juu ya mkaa, kisha ikanywewa chungu kwa vikombe vidogo pamoja na kashata au tende. Kahawa inayochemshwa kwa muda mrefu husamehe kasoro za chembe, maana hata vipande vikubwa hupata wakati wa kutoa ladha, na kwa sababu hiyo pwani haikuwa na haja ya meno ya chuma. Kule Bukoba Wahaya waliijua robusta karne nyingi kabla ya Wazungu, lakini waliichemsha pamoja na majani, wakaikausha na kuitafuna, na walitumia punje mbili za tunda moja katika kiapo cha udugu. Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Kilema walieneza arabika mwishoni mwa karne ya 19 na ambako wakulima waliunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, nyumba nyingi za Wachaga zilipata mashine ya kahawa ya kuzungushwa kwa mkono. Mashine hiyo, hata hivyo, ni ya kumenya tunda bichi. Kazi zote za mkulima ziliishia kwenye gunia la buni, ambalo lilikobolewa na kusafirishwa, na mpini wa kusagia ulibaki ng'ambo pamoja na sehemu kubwa ya bei ya kikombe. Huu ni upungufu wa kihistoria ulio mzito kuliko unavyohesabiwa kwa kawaida, kwa sababu jamii isiyosaga haizoei kuionja mali yake, na isiyoionja haina namna ya kujadili ubora wake na mnunuzi.

Kutokana na historia hiyo, uchaguzi wa kinu cha nyumbani haupaswi kuanzia kwenye bei wala umeme, bali kwenye chombo cha kupikia. Nyumba inayochemsha kahawa katika dele inahudumiwa vizuri na kinu na mchi. Nyumba inayochuja kwa karatasi, njia iliyobuniwa na Melitta Bentz mwaka 1908 mjini Dresden, inahitaji kinu cha meno, yawe ya duara bapa, yaani diski mbili zinazotazamana, au ya umbo la pia, yaani pia moja inayozunguka ndani ya pete. Aina zote mbili huikamata punje mahali penye nafasi pana na kuisukuma kuelekea penye nafasi finyu hadi ipungue kufikia kipimo kilichowekwa. Anayepika espreso, ambapo maji husukumwa kwa nguvu kupita katika unga kwa nusu dakika hivi, anahitaji meno yanayoweza kusogezwa kwa hatua ndogo sana, na hapo ndipo gharama kubwa ina sababu ya kweli. Kinu kizuri cha mkono chenye meno ya chuma cha pua husaga sawasawa kuliko mashine ya visu ya bei ileile, na hakitegemei umeme.

Matumizi nayo yana kanuni chache ambazo zinatosha. Kahawa isagwe kwa kiasi cha kupikwa mara moja, kwa kuwa unga hupoteza harufu kwa dakika na saa ilhali punje huihifadhi kwa wiki kadhaa. Meno yapanguswe kwa brashi mara kwa mara, maana mafuta ya kahawa yakikaa huchacha na kuiharibu kahawa mpya, na iliki au mdalasini visagwe katika chombo kingine, kwani harufu yake haitoki upesi katika chuma. Unga unaoruka na kugandamana na kuta za kinu husababishwa na umeme tuli unaozaliwa na msuguano, na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Oregon uliochapishwa mwaka 2023 umethibitisha kwamba maji kidogo yakichanganywa na punje kabla ya kusagwa huupunguza sana. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu kati ya chombo kipya cha kupikia na kinu cha meno anashauriwa anunue kinu, na buni ainunue kwa mkulima au chama cha ushirika kilicho karibu naye.