Donge Likinona: Thamani ya Tiketi ya Bahati Nasibu Pale Zawadi Inapokuwa Kubwa

Wasomi wengi hawakati tiketi za bahati nasibu, na wakiulizwa sababu hujibu kwa mkato kwamba kamari ni kodi ya wasiojua hesabu. Jibu hilo lina kiburi, na lina kosa pia. Zipo droo ambazo mtu anayejua hesabu, akikaa na kalamu yake, anaweza kujithibitishia kwamba tiketi ina thamani kupita bei yake. Makala haya yanamhusu huyo mwenye kalamu. Yeye anasema kwamba zawadi kuu, lile donge linaloitwa jakpoti, ikishapita kiwango fulani, kukata tiketi ni uamuzi wa busara. Mimi nasema ukubwa huohuo unaomvuta ndio unaoifanya tiketi isimfae. (Msomaji ambaye kwake maisiri, yaani kamari, imekwisha kuharamishwa na mjadala ukafungwa, simfungulii upya, hesabu zinazofuata hazimpingi.)

Tumpe kwanza droo ambayo hoja yake ilikuwa na nguvu kwelikweli. Tarehe 13 Januari 2016 mchezo wa Powerball wa Marekani ulitangaza donge la dola bilioni 1.586, kubwa kuliko yote yaliyowahi kushindaniwa hadi siku hiyo. Mchezaji huchagua namba 5 kati ya 69, kisha namba moja zaidi kati ya 26. Michanganyiko inayowezekana ni 292,201,338. Tiketi iliuzwa dola 2. Ukiligawa donge kwa idadi ya michanganyiko, kila tiketi inaangukiwa na dola 5 na senti 43. Kitu cha dola 5 kwa dola 2: nani angekataa?

Ila zile bilioni 1.586 hazikuwa mahali popote zikimsubiri mshindi. Ilikuwa jumla ya malipo ya miaka 29, na aliyetaka taslimu alistahili dola milioni 983.5. Ondoa kodi ya serikali kuu, ambayo kiwango chake cha juu wakati huo kilikuwa asilimia 39.6, zinabaki kama milioni 594. Gawa tena: dola 2 na senti 3. Ongeza takriban senti 32, wastani wa zawadi ndogondogo zinazoambatana na donge, unafika dola 2.35. Kalamu bado inasema kata tiketi, japo sauti yake imeshuka.

Halafu kuna wenzako foleni. Donge likinona wanunuzi hufurika, na namba moja ikichaguliwa na watu watatu, zawadi inakatwa vipande vitatu. Tukichukulia kwamba tiketi zilizouzwa zilikuwa mara mbili ya idadi ya michanganyiko, mshindi atarajie kubaki, kwa wastani, na asilimia 43 ya donge, na thamani ya tiketi inaporomoka hadi karibu dola 1.20. Usiku ule zilishinda tiketi tatu: moja California, moja Florida, moja Tennessee.

Watu hulizungumzia donge kana kwamba limeota lenyewe kama mbuyu. Mbuyu huu ulipandwa. Hadi Oktoba 2015 Powerball ilichezwa kwa namba 5 kati ya 59 na moja kati ya 35, michanganyiko 175,223,510. Mwezi huo wenye mchezo wakabadilisha kanuni na kuupandisha ugumu hadi ule wa milioni 292. Droo nyingi zaidi zikapita bila mshindi, fedha zikarundikwa droo baada ya droo, na baada ya miezi mitatu rekodi ikavunjwa. Ugumu ndio uliozaa ukubwa. Anayelisifu donge kwa unono wake analisifu rundo la fedha za walioshindwa kabla yake, na ugumu uleule uliowashinda wao ndio anaoulipia yeye.

Hapo mwenye kalamu huwa na jibu la akiba: itokee droo yenye donge kubwa na wanunuzi wachache, wastani utakuwa upande wake. Namkubalia. Lakini wastani ni wa nani? Daniel Bernoulli alilishughulikia swali hilo mwaka 1738, alipokuwa akifumbua fumbo linaloitwa la St. Petersburg, yaani mchezo ambao wastani wa malipo yake hauna ukomo na bado hakuna mwenye akili timamu angetoa fedha nyingi ili aucheze. Jibu lake lilikuwa kwamba fedha hazina uzito mmoja kwa watu wote. Uzito wake hutegemea mali aliyonayo anayezipokea. Shilingi 10,000 kwa muuza mihogo ya kukaanga si shilingi 10,000 za mwenye maghorofa. Na kwa mtu yuleyule, milioni ya mia tano haimbadilishii maisha kama ilivyombadilishia milioni ya kwanza.

Nimechukua kipimo cha Bernoulli, kile cha logi (logarithimu), nikakiweka juu ya droo ya Januari 2016 kwa masharti mepesi mno: kodi imekatwa, zawadi ndogo zimehesabiwa, na mshindi hagawani na mtu yeyote. Nilitaka kujua ni mali kiasi gani mtu awe nayo ndipo tiketi yake ya kwanza ya dola 2 imfae. Jibu ni takriban dola bilioni 1.3. Bilionea ndiye mtu wa kwanza ambaye tiketi ile ilimfaa kihesabu. Wengine wote, kuanzia mwalimu na nesi hadi mwenye mabasi kumi, waliuziwa kitu ambacho kwao kilikuwa na thamani ndogo kuliko bei yake, hata baada ya kupendelewa hivyo. Sababu ni kwamba karibu faida yote ya tiketi imefungiwa katika tukio moja ambalo karibu halitokei. Powerball sasa huchezeshwa mara tatu kwa wiki. Anayekata tiketi moja kila droo atahitaji karibu miaka milioni 1.3 ili nafasi yake ya kuwahi kulipata donge ifike nusu kwa nusu. Wastani ni kweli, lakini hauna muda wa kumfikia.

Wapo waliozishinda bahati nasibu kwa hesabu, na visa vyao husimuliwa sana kama ushahidi wa mwenye kalamu. Nionavyo mimi, vinamgeuka. Mwaka 1992 kundi la wawekezaji kutoka Australia, likiongozwa na Stefan Mandel, mzaliwa wa Romania, lilijaribu kununua kila mchanganyiko wa bahati nasibu ya jimbo la Virginia. Donge lilikuwa dola milioni 27, tiketi dola 1, na michanganyiko 7,059,052. Muda uliwaishia wakiwa wamenunua kama milioni 5. Namba iliyoshinda ikawa miongoni mwao. Mpango ule uliwezekana kwa sababu mchezo ulikuwa mdogo kiasi cha kuweza kununuliwa karibu wote. Na hata hivyo, wangeweza kukosa.

Kisa cha pili nakipenda zaidi. Jimbo la Massachusetts lilikuwa na mchezo ulioitwa Cash WinFall, ambao kanuni yake ilikuwa ya ajabu kidogo: donge likifika dola milioni 2 bila kupata mwenyewe, fedha zake hushushwa kwa waliopatia namba tano, nne au tatu. Jerry na Marge Selbee, wanandoa wastaafu wa Michigan ambao hapo awali walikuwa na duka, waliiona kanuni hiyo wakaisoma kama mtu anavyosoma mkataba. Wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT nao waliiona. Katika wiki za mshusho walinunua tiketi kwa malaki, na kwa kuwa zawadi za chini hutokea mara nyingi, walipata faida mara kwa mara, kwa utulivu, mwaka baada ya mwaka, hadi mchezo ulipofungwa mwaka 2012. Katika historia nzima ya bahati nasibu sijui mfano mzuri kuliko huo, na faida yake ilipatikana pale donge lilipovunjwa.

Kwetu Afrika Mashariki donge kubwa halikuja kwa mipira yenye namba. Lilikuja na kandanda. Mega Jackpot ya SportPesa nchini Kenya humtaka mchezaji atabiri mechi 17: mwenyeji ashinde, watoke sare, au mgeni ashinde. Mwaka 2017 mshindi mmoja alizoa zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Michanganyiko ni 3 kwa kipeo cha 17, yaani 129,140,163, na kwa dau la wakati huo la shilingi 100, tiketi ya anayebahatisha kwa macho yaliyofumbwa ilikuwa na thamani ya shilingi 1 na senti 71. Lakini nani anabeti kwa macho yaliyofumbwa? Mtu anajua nani ni majeruhi, nani katimua kocha, nani hafungiki akiwa kwake. Hapa mwenye kalamu anapata nguvu mpya, na hapa ndipo ninapomwogopea kweli.

Tuseme anapatia mechi moja moja kwa uwezekano wa asilimia 40. Nafasi yake ya kupatia zote 17 ni moja katika milioni 5.8, na dau lake la shilingi 100 lina thamani ya shilingi 38. Tuseme ni asilimia 45. Nafasi inakuwa moja katika 786,000, na dau linapanda hadi shilingi 281. Akijiamini kwa asilimia 50, nafasi ni moja katika 131,072, na dau la mia moja linageuka shilingi 1,686. Biashara inatoka kwenye hasara ya kutisha hadi faida ya kutajirisha kwa tofauti ya mechi moja katika kumi! Hakuna mtu anayejijua kwa usahihi huo bila kuweka kumbukumbu ya mamia ya mechi, ushindi na makosa yote. Wengi wetu tunachokumbuka ni mkeka, yaani orodha ya utabiri, uliochanwa na timu moja. Na kampuni nayo haikulala: ina kila sababu ya kuziweka kwenye orodha timu zinazokaribiana, mechi ambazo hata mchambuzi wa redioni hujikuna kichwa. Siku ambayo zote zinazopewa nafasi zinashinda, wanaopatia nao ni wengi, na donge linagawanywa. Zawadi za kufuta machozi kwa waliopatia 12 au 15 zipo, na kazi yake kubwa ni kumshawishi mtu kwamba alikaribia.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba anayekata tiketi anatafuta utajiri. Utafiti wa Sylvan Herskowitz kuhusu wanaobeti jijini Kampala, uliochapishwa mwaka 2021, unatuonyesha mtu tofauti: anatafuta fungu la fedha kwa mpigo mmoja, kwa ajili ya jambo ambalo haliwezi kununuliwa kidogo kidogo, na njia zake za kuweka akiba ni mbovu. Naiona hoja hiyo kuwa ya heshima kuliko zote zinazotetea kamari. Huwezi kununua robo ya pikipiki. Shilingi mia ikikaa mfukoni huliwa na sukari, shemeji na msiba; ikiwekwa kwenye mkeka, angalau ina safari.

Lakini mtu huyo anahitaji fedha za pikipiki, za cherehani, au za bati za chumba kimoja. Shilingi milioni 221 hazimhusu. Donge kubwa linachukua dau lake, ambalo lingeweza kurudishwa katika zawadi za ukubwa wa haja yake, na kuliweka mbali asipoweza kulifikia. Upatu, anaoujua tangu utotoni, humpa kilekile anachokitafuta. Watu kumi wanatoa shilingi 10,000 kila wiki, na kila mmoja zamu yake ikifika anabeba 100,000 kwa mpigo, kwa uwezekano wa moja katika moja. (Kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, akitoroka na fedha ni habari nyingine, na hutokea, ila hatoroki mara milioni 292 kwa kila mara moja anayolipa.)

Inabaki ndoto. Wako wanaosema wazi kwamba hawanunui nafasi ya kushinda, wananunua siku tatu za kujenga nyumba kichwani, na dola 2 kwa starehe hiyo si ghali. Siwezi kuwapinga kwa kalamu, wala sitaki. Tikiti maji nalo halirudishi fedha. Ila ndoto haisomi uwezekano. Inakuwa tamu vilevile kwa nafasi ya moja katika milioni 7 kama ya moja katika milioni 292, na donge la dola milioni 27, kama lile la Virginia, linatosha nyumba, shamba na hija ya ukoo mzima. Kwa hiyo hata mnunuzi wa ndoto halazimiki kulikimbilia donge kubwa kuliko yote, na hana haja na tiketi ya pili, kwa sababu ya kwanza imekwisha kumfungulia mlango. Akikata kumi, tisa kati yake hazimwongezei ndoto.

Wenye mchezo wanalijua hilo, ndiyo maana wakagusa bei. Aprili 2025 Mega Millions, mshindani wa Powerball, ilipandisha tiketi yake kutoka dola 2 hadi dola 5. Miongoni mwa maboresho waliyoahidi wanunuzi ni madonge makubwa zaidi, yanayoanzia dola milioni 50. Nafasi ya kuyapata sasa ni moja katika 290,472,336.